Moto wa Lionja katika Skripti ya Mwalimu Winfrida

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Winfrida Obadia, mwandishi wa hadithi, aliyetutoka mwezi uliopita hapa Nachingwea. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Wengi wenu mmesoma riwaya zake mbili. Lakini wachache mnajua kwamba mwaka wake wa mwisho alikuwa mwanafunzi. Ndiyo, mwanafunzi. Alikuwa anajifunza kuandika skripti, yale maandishi ambayo waigizaji na mpiga picha huyafuata wakati wa kutengeneza filamu.

Alizaliwa Lionja. Baba yake, mzee Obadia, alikuja kijana kutoka Msumbiji, akapanda mikorosho kwa mikono yake. Alikuwa na watoto wawili: Gabrieli, kisha Winfrida.

Winfrida alipokuwa na miaka kumi na minne, shamba lile liliungua. Lote. Riwaya yake ya pili inasimulia moto huo. Mnakumbuka alivyoandika? "Moto ulizuka katika nyasi kavu." Basi. Ulizuka.

Mwaka jana alijiunga na darasa la Jumamosi kule Ruangwa. Mwalimu wake alikuwa Halfani, fundi wa video za harusi, mdogo kwake kwa miaka ishirini na zaidi. Winfrida alitaka kuigeuza riwaya ile kuwa filamu. Akapeleka kurasa za kwanza. Halfani akazisoma, akakuna kichwa.

"Mwalimu, hapa umeandika anawaza, anakumbuka, anajuta. Kamera haioni majuto. Inaona mkono, inaona uso. Sasa huu moto, nani anauwasha?"

"Umezuka tu," akasema Winfrida.

"Haya. Mimi nimeshika kamera. Niielekeze wapi?"

Winfrida alikusanya karatasi zake, akaondoka kabla ya kipindi kwisha. Jumamosi mbili hakurudi. Binti yake, Catherine, anasema: "Mama alikuwa anasonga ugali, anasahau kuinjika mboga. Nikimuuliza, ananiambia, 'Niache, nina kazi ya shule.'"

Wasikilizaji wapendwa, kazi ile ya shule ilikuwa hii. Moto ule aliuwasha yeye. Siku ile alikwenda shambani peke yake kukaanga korosho kwenye debe. Mafuta ya maganda yakashika moto, nyasi zikadaka. Kaka yake Gabrieli alikuja mbio, akapiga moto kwa matawi hadi mikono ikababuka. Mzee Obadia alipofika, alimkuta mwenye mikono iliyoungua. Akaamini ndiye aliyechoma, akamfukuza nyumbani. Winfrida alisimama pale pale, akanyamaza. Gabrieli aliacha shule, akaenda kuishi kwa mjomba, kule Malolo. Winfrida akasoma, akawa mwalimu. Mzee Obadia akafa bila kujua.

Wiki ya tatu aliandika ukurasa mmoja. Shamba la mikorosho, mchana. Msichana anawasha kiberiti. Hakumpelekea Halfani kwanza. Alipanda gari, akaenda Malolo.

Alimkuta kaka yake anapiga ufuta juu ya turubai. Akamsomea akiwa amesimama juani. Gabrieli hakuacha kupiga. Ukurasa ulipoisha, ndipo akaweka fimbo chini.

"Soma tena pale penye kiberiti."

Akasoma tena.

"Miaka arobaini na mitatu, Winfrida. Baba amekwenda ananiita mchoma shamba."

"Nisamehe, kaka."

"Mwaka ule wa kwanza msamaha nilikuwa nao. Nilikaa nao nakungoja. Ukaisha. Nenda, gari litakuacha."

Haya nimeyapata katika daftari la marehemu mwenyewe, na Gabrieli amekiri ndivyo ilivyokuwa. Katika daftari hilo Winfrida ameandika kwamba ndani ya gari alilia, na kwamba alistahili.

Alirudi darasani. Akamaliza skripti yote isipokuwa tukio moja, lile la msichana kusema ukweli mbele ya kijiji. Halfani alimhimiza. Alijibu, "Hilo nataka nilifanye kwanza, ndipo niliandike." Akapanga kwenda Lionja baada ya mavuno. Hakufika. Shinikizo la damu lilipanda, akaanguka nyumbani kwake, na siku ya pili akafariki.

Gabrieli alikuja mazikoni. Katekista alipomaliza sala, aliomba nafasi. "Ndugu zangu, mimi sikuchoma shamba la baba. Aliyechoma tunamzika leo, na aliniambia mwenyewe. Nilitaka awaambie ninyi akiwa hai." Kisha akachukua jembe, akafukia pamoja na wengine mpaka kaburi likajaa.

Wiki iliyopita nilimfuata Malolo. Nilimuuliza kama nije niwaambie kwamba amemsamehe dada yake. Akanitazama. "Mtangazaji," akasema, "hilo usinitie mdomoni."

Basi sikulitia. Tunampa pole Catherine kwa kuondokewa na mama. Tunakupa pole wewe pia, mzee Gabrieli, kwa msiba huu na kwa ule uliokaa nao peke yako tangu ujana. Mungu amrehemu Mwalimu Winfrida. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu anayebeba lawama yako, unamjua. Leo bado ni mchana. Huenda yuko nyumbani.