Maziwa ya Mtamba wa Konsolata

Haki ya Mungu, hapa sijaongeza hata neno, na wanaonijua kule Nambis wakae kimya. Manyara ilikuwa bado mkoa mchanga. Kwenye basi la Katesh, mama mmoja kiti cha mbele yangu alimwambia binti aliyekaa naye kwamba anakwenda Hirbadaw kumrudisha Konsolata, mfanyakazi wake wa ndani aliyeondoka bila ruhusa. “Simlipi mshahara, yule ni mwanangu. Nimempa mtamba.”

“Mama, shikamoo nimeshakupa, usinikasirikie. Na mimi nafanya kazi za ndani. Sheria inatupa mshahara na siku ya kupumzika. Huyo mtamba yuko kwao?”

“Yuko zizini kwangu. Ameshazaa.”

“Maziwa anakunywa nani?”

“Wanangu.”

“Kumbe na ng'ombe wake unamtumikisha bure!”

Mama akasimama. “Leo anarudi, hata kwa kumburuta!”

“Basi nashuka na wewe, nikamwambie akatae.”

Hirbadaw walishuka wote wawili, bado wanafokeana. Nikanyoosha shingo dirishani.

“Mzee Bura,” kondakta akaniita, “si ulilipa nauli ya kuishia Bashay?”

“Nilipitiwa na usingizi, mwanangu.”

“Usingizi gani, na kwenye maziwa ulicheka mpaka dereva akageuka?”

Nikalipa nauli iliyozidi.