Namba Moja, Wagonjwa Wawili

Mwaka 2018, Jumanne, tarehe sita Machi. Mawingu mazito, nyuzi joto ishirini na tatu. Kwenye benchi mkabala na zahanati, Mwalimu Hesabu, mstaafu, hakuondoa macho mlangoni. Ndani, binti yake alikuwa akiijaribu upya programu yake ya kugawa namba za foleni. Wiki iliyotangulia, kompyuta mbili za mapokezi ziliwapa wagonjwa wawili namba arobaini, nusura washikane mashati. Mganga mkuu alikuwa ameapa: ikijirudia leo, tunarudi kwenye karatasi. Pale benchini, alipoketi na wenzake Fundi Redio na Dereva, palikuwa na birika la vikombe ishirini na ubao mdogo. Kila anayemimina kahawa hufuta idadi ya vikombe na kuandika iliyobaki. Utaratibu wa Mwalimu mwenyewe.

— Ni umeme, alisema Fundi Redio. Ukicheza, mashine inaona viwili viwili.

— Kama wewe siku ya mshahara, Dereva alidakia. Zile ni pacha, bwana. Zimezaliwa kiwanda kimoja, zinaota ndoto moja.

— Acheni porojo, alisema Mwalimu. Zote zilisoma namba ya mwisho, thelathini na tisa, kwa pamoja, kila moja ikaongeza moja.

— Binti kafanyaje sasa? Dereva aliuliza.

— Mashine inauliza kwanza: bado ni thelathini na tisa? Ikiwa ndiyo, inabadilisha iwe arobaini. Kuuliza na kubadilisha ni tendo moja, hapapiti hata wembe. Ikiwa siyo, inasoma upya.

— Kaiandika kwa lugha ipi? Fundi aliuliza.

— Ya skripti, ile ya programu fupi fupi. Wenzake kazini walimcheka, eti lugha ya kuchezea. Yeye akaandika.

Fundi na Dereva waliinuka pamoja, wakatupia ubao jicho: viwili. Wakamimina. Fundi akaandika kimoja. Dereva, huku akipiga soga, akafuta, naye akaandika kimoja.

Mlango wa zahanati ukafunguka, binti akatoka.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Sema.

— Wagonjwa mia na themanini, baba. Namba mia na themanini. Hakuna iliyojirudia. Mganga mkuu ameikubali.

Mwalimu alinyoosha mgongo kama aliyevishwa nishani. Akaliinamisha birika ampe binti kikombe chake. Halikutoka hata tone.

— Ubao unasema kimoja, Dereva alijitetea.

Binti aliutazama.

— Ulipofuta, ilikuwa bado ni viwili?

— Sikuuliza, alisema Dereva.

— Na huu utaratibu ni wa nani? binti aliuliza.

— Wangu, alisema Mwalimu, akicheka mpaka miwani ikamteleza. Utaniandikia mwingine.

Gharama yote: mistari tisa ya skripti, na kikombe kimoja cha kahawa.