Mama Kifutio na Refa Aliyejitoa Uwanjani

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, mhariri wa dawati letu la michezo anakabidhi ufunguo wa kabati, kitambulisho, na ule mto wa kiti ambao hakuna aliyewahi kuthubutu kuukalia. Jina lake kamili lipo kwenye kitambulisho, lakini humu ofisini, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, sote tunamwita Mama Kifutio. Naye anaitika.

Alianza kazi enzi ambazo ensaiklopidia yetu ilichapwa kwenye vitabu vinene, vile ambavyo watu walivinunua kwa fahari kisha wakavitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Tulipohamia mtandaoni na kila mwenye simu akaruhusiwa kuhariri, wenye akili zao waliomba kuhamishiwa dawati la jiografia, kwa kuwa milima haina mashabiki. Yeye akajifunga kibwebwe akabaki kwenye michezo.

Asiyefanya kazi hii hawezi kujua tunayokutana nayo asubuhi. Shabiki ambaye timu yake imefungwa hapati usingizi, anafungua ensaiklopidia. Tukifika kazini tunamkuta kipa aliyepigwa manne ameandikwa kwamba kitaaluma yeye ni mlango ulioachwa wazi. Kocha wake amezaliwa akiwa tayari na umri wa miaka hamsini. Tuliwahi kuwa na mkimbiaji wa masafa marefu aliyeshinda kwa kukatiza jikoni kwa shangazi yake, na bingwa wa drafti aliyefungiwa kwa kosa la kukimbia kasi mno. Bondia mmoja alikaa wiki nzima na mikono mitatu, na ule wa tatu ulikuwa na rekodi yake wenyewe ya mapambano. Mama Kifutio alivifuta vyote bila kupepesa jicho, kama mtu anayechambua mchele.

Lakini msidhani hana utu. Ni yeye aliyeanzisha mazishi. Kila Ijumaa baada ya chai, wahariri wote tunasimama kuizunguka meza kubwa, na kila kichekesho kilichofutwa wiki ile kinasomwa mara moja, kwa sauti ya heshima, kabla hakijasahaulika. Alisema mtu aliyekaa chini akabuni bondia mwenye mikono mitatu ametoka jasho, na jasho la mtu lisindikizwe. Sharti ni moja tu: hakuna kucheka. Anayecheka anaosha vikombe. Mimi nimeosha vikombe vingi kuliko mhariri yeyote katika historia ya taasisi hii, na sabuni ya jikoni sasa ninaijua kwa harufu. Mama Kifutio hakuwahi kuosha hata kimoja.

Wala hakuwa adui wa mambo ya ajabu. Chenye chanzo alikipigania kufa na kupona. Mrusha mkuki aliyetoboa tairi la gari la mgeni rasmi yumo hadi leo kwenye ensaiklopidia yetu, licha ya mgeni rasmi kukasirika, kwa sababu magazeti mawili yaliandika. Kisichokuwa na chanzo kilikwenda na maji, awe amekileta nani. Mumewe ni kinyozi, na wateja wake wakibishana kuhusu mpira humpigia simu mkewe awaamulie. Huyo huyo mumewe anasema ujanani alikuwa kipa, na kwamba siku moja alipangua penalti tatu mfululizo. Mama Kifutio alimwuliza nani aliandika. Ndoa yao imetimiza miaka thelathini na habari hiyo bado haijathibitishwa.

Sasa niwaeleze kisa cha refa, maana bila hicho wasifu huu haujakamilika.

Tuna ukurasa wa fainali moja ya zamani ya kombe la wilaya. Kumbukumbu rasmi ya chama cha mpira inasema mechi ilivunjika kipindi cha pili kwa sababu ya mvua kubwa. Mwaka huu mtu asiyejulikana akaanza kuifuta mvua na kuandika kwamba mechi ilivunjika baada ya refa kujipa kadi nyekundu. Mama Kifutio akarudisha mvua. Yule mtu akaiondoa. Mvua ikarudi, ikaondoka, ikarudi. Kichekesho kile kilizikwa Ijumaa tatu tofauti, vikombe nikaosha mimi, na mwishowe Mama Kifutio akaufunga ukurasa asiweze kuugusa mtu.

Jumatatu iliyofuata alitokea getini mzee mrefu mwenye viatu vilivyong'aa na kipenga shingoni. Akamwambia mlinzi anataka kumwona huyo anayemnyeshea mvua.

Mama Kifutio alimwamkia, akamvutia kiti, akamtilia chai. Mzee akaeleza. Refa wa siku ile alikuwa yeye, na aliyekuwa akiifuta mvua ni yeye pia. Mpira ulipigwa, ukamgonga makalioni, ukaingia wavuni, naye akalikubali bao. Hapo hapo aibu ikamshika, akajitukana kwa sauti ambayo jukwaa zima lilisikia. Sheria inasema atakayetoa lugha ya matusi uwanjani atolewe nje. Akatafuta aliyetukana, akamkuta ni yeye. Akajionyesha kadi nyekundu, akaenda zake chumba cha kubadilishia nguo, na kwa kuwa kipenga cha pekee alikuwa nacho yeye, mechi ikafia pale. Chama kiliona haya kuandika hivyo, kikaandika mvua. Siku hiyo, alisema mzee, vumbi lilikuwa hadi kwenye masikio.

Kisha akasema jambo jingine. Alichezesha mpira miaka mingi, na makosa yake anayakumbuka moja moja, hata yale ambayo hakuna mwingine aliyeyaona. Siku moja tu alijua kwa hakika kwamba ametenda haki bila kumwogopa mtu, na siku hiyo ndiyo iliyoandikwa mvua. Wajukuu zake wanamfungulia simu na kumwonyesha. "Babu, acha kutia chumvi, soma hapa." Alikuwa hataki sifa. Alitaka wajukuu wamwamini kabla hajaondoka duniani.

Mama Kifutio alimweleza kwa upole kwamba bila chanzo kilichochapishwa hawezi kuandika neno. Mzee akashukuru kwa chai, akaondoka. Na huyu mama tuliyedhani roho yake ni ya chuma akakaa akiitazama skrini bila kugusa kitu, akatuambia wazi kwamba inamwuma, na kwamba anamwamini.

Kuamini si chanzo, na sheria hiyo aliitunga yeye. Basi siku zake za mapumziko akazitumia kumsaka mshika kibendera wa mechi ile. Akampata anauza magodoro, na bado ana kinyongo, kwa sababu refa alipoondoka mashabiki walimgeukia yeye, akakimbia na kibendera chake hadi nyumbani. Alikiri kila kitu. Lakini ushuhuda wa mdomo hatuupokei. Mama Kifutio akaenda kwa mwandishi wa michezo wa gazeti, naye akasema hiyo si habari, imeshapoa. Labda mzee ajipe kadi nyingine, akatania.

Ijumaa iliyopita tulifanya mazishi ya mwisho chini ya Mama Kifutio. Aliwaalika refa na mshika kibendera, ili walau kisa chao kizikwe mbele ya wenyewe. Yule mwandishi naye alikuja, kumhoji mstaafu na, kusema kweli, kwa ajili ya keki. Mama Kifutio akasimama, akasoma kwa sauti ya heshima kwamba mechi ilivunjika baada ya refa kujipa kadi nyekundu. Mshika kibendera akaguna. Akasema bao lenyewe halikuwa bao, aliyeupiga mpira alikuwa ameotea, na yeye alinyanyua kibendera. Refa akabisha. Mwenzake akachukua vikombe vyetu akavipanga mezani, huyu beki, huyu mshambuliaji, bakuli la sukari ndilo refa mwenyewe. Wakabishana hadi mkurugenzi akatoka ofisini kwake kuona kuna nini.

Mzee alivitazama vikombe muda mrefu. Tukamwona anakumbuka. Kibendera alikiona, na miaka yote ile alijisahaulisha.

"Mjinga mkubwa mimi!" akafoka, na akaongeza neno ambalo jarida hili la ofisi haliwezi kulichapa.

Hata yeye alishtuka. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukatoa kadi nyekundu iliyopauka, akainyanyua juu ya kichwa chake mwenyewe, akageuka, akatoka hadi ukumbini huku chai yake ikiachwa nusu. Mkurugenzi akasogea kumpisha.

Ndipo Mama Kifutio alipocheka. Alicheka akashika meza, akacheka akakaa, akafuta machozi kwa kitambaa cha keki akaendelea. Baadaye aliosha vikombe vyote, pamoja na lile bakuli la sukari, na alikataa kusaidiwa.

Mwandishi hakucheka. Alikuwa anaandika. Jumapili habari ikatoka nusu ukurasa, na picha: refa wa zamani ajipa kadi nyekundu ya pili, akitetea ya kwanza, na mshika kibendera ashuhudia zote mbili. Jumatatu asubuhi Mama Kifutio alitangulia kufika kuliko sisi sote. Aliufungua ukurasa, akaiondoa mvua, akaandika sentensi moja, akaweka chanzo. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kufuta amemaliza kazi kwa kuandika.

Alipiga simu mwenyewe kwa yule mzee, akaiweka kwenye spika. Wajukuu wakasoma ukurasa kwa sauti, wakarudia, kisha tukasikia mzee anawaomba wasome tena, polepole. Mama Kifutio hakuwaharakisha. Alishika simu mkononi akangoja wamalize.

Mama, umetufundisha kwamba kicheko na ukweli si maadui, ila ukweli sharti uwe na chanzo. Umetuvumilia, umetukaripia, na tunakiri kuwa mara nyingi tulistahili. Tunakushukuru kwa moyo wote. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na mume atakayepata siku moja mtu wa kumthibitishia zile penalti. Nenda ukapumzike kwa furaha, wala usiwe na wasiwasi na dawati. Wataujaribu ukurasa ule, hilo tunalijua, na tutakuwa macho. Kwenye fainali ile, mradi sisi tupo, mvua hainyeshi tena.