Haikuuma Vile Ilifaa

Bwana asifiwe. Naona mmeitikia kwa uoga, ni kama mnajua ni nani amepewa kipaza sauti. Msijali. Mwenyekiti wetu amekaa karibu na waya wa spika, kwa hivyo nikivuka mpaka, mtaona mdomo wangu ukiendelea na sauti imeisha.

Kwa wageni, mimi ndiye yule msichana wa form four ambaye ana mtoto. Watu wa hapa Nuu hamhitaji kutambulishwa, tumbo langu lilijitambulisha lenyewe. Nina miaka kumi na tisa. Mtoto yuko pale nyuma kabisa karibu na mlango, amebebwa na nyanya yake, ndiye huyo wa kofia ya njano kama kifaranga. Baba ya mtoto sitamtaja, na hata yeye hajawahi kujitaja. Nilisikia alienda Kambu kuuzia madereva wa malori maji na njugu, na simu yake ikaenda naye.

Juzi mwenyekiti alikuja nyumbani akaniambia, njoo kwa mkutano wa akina mama na wasichana, uwaeleze hawa wadogo vile kuzaa ni uchungu, waogope. Nilikubali haraka, maana mimi sikatai jukwaa. Sasa nimesimama hapa na shida moja. Siwezi kuwatisha. Na ndugu zangu, nawaambia, jambo hilo limeninyima usingizi kuliko mtoto mwenyewe.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Mama yangu mnamjua kwa sauti. Kila Jumapili yeye ndiye alikuwa anasimama hapa mbele kutuanzishia nyimbo. Akianza, hata mbuzi huko nje waliacha kutafuna wakamsikiza. Tumbo langu lilipoonekana, wazee wa kanisa walikaa chini wakampumzisha. Hawakumgombeza. Walisema kwa upole, mtu atasimamaje mbele na nyumbani kwake kuna mambo? Akachukua leso yake akahamia kiti cha nyuma. Mahali pekee walipoendelea kumwita aimbe ni kwa mazishi, kwa sababu huko mkikosa sauti yake hata marehemu anaweza kulalamika.

Mimi ndiye nilikosa, na yeye ndiye akanyamazishwa. Kila Jumapili nilimwona pale nyuma akiwa amefunga mdomo, wimbo ukianzishwa na mtu mwingine juu sana mpaka wote mnakohoa, na nilijua ni kazi yangu hiyo.

Nyumbani pia alininyamazia. Hakunipiga, hakunitukana. Heri angenitukana, ningejibu, mnanijua. Alianza kuniongelesha kupitia kwa kuku. Anasimama mlangoni anauliza, "Hawa kuku watafungiwa na nani leo?" Kuku wananiangalia, mimi nawaangalia, naenda kuwafungia. Miezi yote hiyo, kuku ndio walijua mambo ya nyumba yetu.

Basi nikatengeneza mpango. Akina mama walikuwa wameshanipa stori zote. Kwamba nitaona nyota mchana, kwamba sista wa maternity atanichapa mapaja, kwamba nitaita watu wa ukoo mpaka waliokufa. Waliniambia wakitabasamu, na mimi nilisema moyoni, sawa. Nitaumia. Nitaumia mbele ya mama, vizuri, kimya, bila kulia hata kidogo, mpaka aone imetosha, aniongeleshe tena kama mtoto wake. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote. Wenzangu hutayarisha beseni na pamba. Mimi nilitayarisha meno, ya kuuma leso.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tulikuwa uani tukichagua ndengu, mama upande wake, mimi upande wangu, na kuku katikati kama wakalimani. Uchungu ukaja. Nikanyamaza, nikafurahi hata, nikasema kazi imeanza. Ukarudi. Kila ukija mkono wangu unasimama juu ya uteo, ukiisha naendelea. Nilidhani najificha.

Mama akauliza, bila kuinua uso, "Huo ni wa ngapi?"

Nikasema wa kwanza.

"Mtu wa uchungu wa kwanza hawezi kutia mawe kwa ndengu nzuri."

Nikaangalia. Kweli, nilikuwa nimetupia kuku ndengu safi na kuweka mawe kwa sufuria. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu bila kupitia kwa kuku, na yalikuwa ya kunisuta, lakini niliyachukua hivyo hivyo.

Tukaenda kwa boda boda. Mwenye pikipiki mbele, mimi katikati na tumbo langu, mama nyuma amenishika kiuno kama gunia ambalo halijafungwa vizuri. Alimwambia yule kijana kila shimo atakaloingia atalieleza kwa mama yake mzazi. Tulienda polepole mpaka punda alitupita. Mnacheka, lakini alitupita.

Kule kituo cha afya sista akanipokea. Nilikuwa nimekaza mapaja tayari kwa kofi. Akaniuliza, "Umekula?" Kwa stori zote nilizopewa, hakuna mtu alikuwa ameniambia nitaulizwa kama nimekula. Akanipima, akasema mtoto amekaa vizuri na bado tuna saa kadhaa, akamwambia mama asitoke, akae na mimi, anipe uji kidogo kidogo.

Mimi nikapanda kitanda, nikalala chali, nikashika vyuma, nikauma leso. Mpango. Sista akarudi akanikuta hivyo, akauliza ni nani ameniambia nilale. Nikasema si ndivyo watu huzaa? Akasema, "Shuka utembee. Na toa hiyo leso mdomoni, hapa hatufanyi adhabu."

Kusema ukweli, nilikasirika. Nilikuwa nimekuja kwa adhabu.

Tukatembea kwa baraza, kutoka mlango wa maternity mpaka kwa tangi la maji na kurudi. Uchungu ukija, mama ananishika, naegemea bega lake, anabonyeza mgongo hapa chini kwa ngumi, polepole. Hasemi kitu. Mimi pia sisemi, nimekaza uso kama picha ya kitambulisho. Sista alipita akatuambia, imbeni basi, au mhesabu, pumzi itoke, mtoto hazaliwi watu wakiwa wamenuniana.

Mama akasafisha koo. Akaanza kuimba, chini chini, tukitembea kwa mwendo wa wimbo. Ni sauti ambayo sikuwa nimeisikia ikielekezwa kwangu tangu mambo yangu yajulikane. Machozi yakanijia. Tukafika kwa tangi, tukageuka, na ndipo nikasikia maneno. Mama zangu, alikuwa anaimba ule wimbo wa kushusha jeneza.

Nikasimama. "Mwaitu," nikamwambia, yaani mama kwa Kikamba chetu, "huo ni wa kaburini."

Akasimama pia. Nikaona akirudia maneno kwa midomo, akijisikiza. Halafu mabega yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mama yangu, ameshika ukuta wa kituo cha afya, anacheka mpaka leso ya kichwa inaanguka, na mimi nikaanza, na uchungu ukanishika katikati ya kicheko, na nawaambia ukweli, ulikuja na ukapita kama wimbi la nyasi upepo ukivuma. Nilikuwa nimesahau kuukazia.

Tulipotulia alipangusa macho akasema, "Nyimbo hizo ndizo tu zimebaki mdomoni."

Hapo kicheko kikaniisha. Nilijua kwa nini ndizo zimebaki. Ni mimi niliyezifukuza zile nyingine.

Lakini kutoka hapo mambo yalibadilika. Niliacha kupigana. Uchungu ulizidi, sitawadanganya, ulizidi kweli, lakini nilikuwa na mtu. Nikaanza kuupa majina ya mambo ya shule. Kuna ule wa ukaguzi wa asubuhi, unaingia bila hodi, unatafuta makosa, unatoka. Kuna ule wa hesabu, vipindi viwili mfululizo, unaangalia saa na saa inakuangalia. Mama anauliza, "Huo ni wa nini?" Namwambia, "Hesabu." Anasema, "Pole, pumua, kengele italia." Sista akasema hajawahi kuona darasa kama hilo.

Jua likiwa bado juu ya kilima, mtoto akafika. Nilikuwa nimepiga magoti, nimemkumbatia mama shingoni. Walimweka kifuani kwangu akiwa moto kama kiazi kimetolewa jivuni, akaniangalia na jicho moja, la pili bado anafikiria. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Furaha hiyo haikuwa yangu. Nilikuwa nimeichukua bila kuomba ruhusa.

Kwa sababu kwa kitanda cha pili kulikuwa na dada mmoja. Yeye ameolewa kanisani, ana pete, kila mtu anamheshimu, na huyo mtoto wake alikuwa amemwombea miaka. Alikuwa hapo tangu jana yake. Mimi nikicheka kwa baraza, yeye alikuwa anasikia. Mwishowe sista aliita ambulensi akapelekwa Mwingi hospitali kubwa. Alifanyiwa upasuaji, na mtoto wake ni mzima, nilimwona sokoni ni mnono kuliko wangu. Lakini siku hiyo, alipopitishwa mbele yangu kwa machela, alinigeukia akasema, "Hongera, mdogo wangu." Mimi wa bila pete, na uji mkononi. Nilitaka kitanda kinimeze.

Sista alipotoka, tukabaki watatu. Nikamwambia mama, na hii nilikuwa nimeibeba siku nzima, "Mwaitu, nisamehe. Haikuuma vile ilifaa."

Alikuwa anamkunja mtoto kwa leso.

Akasema, "Na ni nani alikuambia nilitaka uumie?" Halafu akaacha kukunja. "Nilitaka. Niliomba nikipiga magoti, uumie, ukumbuke. Leo nikakuona umeuma hiyo leso ukiniangalia mimi, nikajua unanilipa. Hapo ndipo nilianza kuimba. Sikuwa najua ni nini kinatoka."

Basi mkitaka kujua nilisamehewa saa ngapi, ni kabla ya tangi la maji. Mimi ndiye nilichelewa kujua.

Ningependa kusema nilikuwa mtu mzuri kutoka hapo. Hapana. Mlikuja kuniona nyumbani, mkaleta unga wa uji na sabuni, mkaniuliza, "Ulisikia uchungu, sivyo?" na niliona vile mnangoja. Nikashika kiuno. Nikawaambia niliona nyota mchana. Nikatembea nikiinama mpaka kwa choo na mama ananiangalia kutoka jikoni, kijiko mkononi. Mlienda mmeridhika, na nadhani ndiyo maana nikachaguliwa kusimama leo. Mniwie radhi. Ule ulikuwa mchezo wa kuigiza, na uji wenu nilikunywa wote.

Kwa hivyo wasichana, sikizeni. Sisemi mpite njia yangu. Kuna siku nakaa darasani blauzi imelowa maziwa na mwalimu anauliza sheria ya pili ya mwendo, na mwendo pekee ninaoujua ni wa kukimbia nyumbani. Masomo ya kidato kimoja nimeyasoma mara mbili. Someni kwanza. Lakini siku yenu ikifika, mkiwa mmejipanga, msiogope kituo cha afya kwa sababu ya stori. Nendeni mapema, mkule, mtembee, mwende na mtu. Na msidhani uchungu unagawanywa kulingana na dhambi. Mimi niliuona ukipita kitanda changu ukaenda kwa mwenye pete. Sielewi bado. Naliombea jambo hilo hata sasa.

Namshukuru yule sista, ambaye hakuniuliza niko form ngapi mpaka mtoto alipozaliwa. Namshukuru kijana wa boda boda, na punda pia kwa kutuvumilia barabarani. Nawashukuru walimu walionirudisha darasani, ingawa najua kuna wengine walikuwa wamefurahia ule utulivu. Na yule dada wa kitanda cha pili, popote amekaa, asante kwa hongera. Nimeiweka.

Mwenyekiti, naona unaangalia waya. Namaliza.

Mtoto tulimpa jina la nyanya yake, kama desturi yetu, kwa hivyo nyumbani naye tunamwita Mwaitu. Nikisema, Mwaitu nyamaza, wananyamaza wote wawili. Usiku hulazwa kwa ule wimbo wa kaburini, amekataa mwingine, na analala vizuri kuliko marehemu yeyote. Mimi nimerudi shule. Nimeombewa hapa mbele, nimewekewa mikono, leo nimepewa hata kipaza sauti. Mwenye kosa amerudishwa. Aliyebaki kwa kiti cha nyuma ni yule ambaye hakukosa, na kila Jumapili naketi na hilo kama jiwe ndani ya kiatu.

Wazee mnaweza kuniketisha baada ya hapa, sitabisha. Lakini mkutano haujafungwa, na unafungwa kwa wimbo.

Mwaitu, nipe huyo mtoto, uje hapa mbele. Anzisha wowote unaotaka. Ule wa kaburini mwachie yeye.