Steringi Hafi

Benchi letu limeegemea ukuta, baina ya mlango wa kinyozi na mlango wa kibanda cha video, na mguu wake mmoja umekalishwa juu ya tofali. Mimi hukaa upande wa tofali na birika langu la kahawa, kwa sababu nikiinuka ghafla wengine wote wanayumba, na kwa umri wangu hiyo nayo ni heshima. Mchana ule walikuwepo wale wale. Wembe, kinyozi, aliyekuwa hana kichwa cha kunyoa. Chaji, fundi simu, kijana anayesoma katuni kwenye simu za wateja kwa kisingizio cha kujaribu kioo. Na Spika, ambaye ndiye roho ya kibanda: picha ya kigeni ikichezwa, yeye anakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti chake, anaigeuza kwa Kiswahili, anaongea sauti za watu wote, mpaka ya mbwa. Mlangoni alikuwa amebandika tangazo la picha ya saa kumi: Bawa Moja, sehemu ya pili. Chini yake, ndani ya duara jekundu, namba kumi na tatu. Mjukuu wangu ana miaka minane, na asubuhi alikuwa ameniomba ruhusa.

Ingekuwa ni namba tu nisingetaka shauri la mtu. Lakini huyo Bawa Moja, steringi wa picha, mwishoni anaanguka kutoka angani na kufa, na baba wa mtoto huyu, mwanangu wa kuzaa, alikuwa fundi wa minara ya simu. Alianguka kabla ya mvua. Mtoto alikuwa kwa bibi yake mzaa mama, anaumwa surua, tukazika hayupo. Aliporudi tukamwambia baba amesafiri, ana minara ya mbali. Mama yake akaniachia mimi. "Mama," alisema, "wewe utaijua siku ya kusema." Basi kila siku ilipokucha, nikaona si hiyo.

— Aingie tu, alisema Spika. Mimi si nipo? Tukifika pale pa kuanguka, nageuza. Nasema, "Jamani nimechoka, acheni nilale kidogo." Nani atajua?

— Wamemfunika shuka mpaka usoni, Spika, alisema Wembe.

— Shuka la usingizi hilo.

— Na wale wanaolia?

— Wanalia kwa sababu anakoroma.

Tulicheka, kisha tukaona haya ya kucheka.

— Kumi na tatu ni kumi na tatu, alisema Wembe. Watu wazima wamekaa, wakaitazama picha, wakaupima moyo wa mtoto. Wewe unataka kujua kuliko wao? Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika...

Akaishia hapo. Lile guu alilimeza, lakini sote tulikuwa tumeshalisikia. Akachukua kikombe changu akanywa, akidhani ni chake.

— Nisamehe, Bibi.

— Kunywa tu, nikamwambia. Bado ya moto.

Chaji hakuinua macho kwenye simu ya watu.

— Mnabishana bure. Steringi hafi. Kwenye picha amekufa, sawa. Kwenye katuni za simuni, ukisogea mbele kidogo, anaamka.

— Anaamkaje?

— Dunia ziko nyingi, Mjomba Wembe. Huyu akianguka hapa, kwenye dunia ya pili yupo mwingine, mavazi yale yale, bawa lile lile. Wanamleta.

— Sasa huyo si yeye.

— Ni yeye!

— Ana sura yake. Nguo tu zikifanana mnamwita ndugu? Wa nyumbani kwake watamkubali?

— Watamkubali. Halafu huyo naye akafa, wakamgandisha kwenye barafu, akayeyuka mzima. Akafa tena, kumbe ni pacha. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Anakufa kidogo kidogo.

— Mimi nawaambia siri, alisema Spika, akishusha sauti kama yumo ndani ya picha. Ile namba ni mtego. Wanawafukuza watoto mlangoni kwangu ili wakimbilie simuni, ambako hakuna bawabu.

— Bawabu yupo, alisema Chaji. Simu inakuuliza, "Umetimiza miaka kumi na minane?" Unabonyeza ndiyo.

— Na inakuamini?

— Kuliko mama yako mzazi.

Wembe aliweka kikombe chini. Alikuwa amegeuza msimamo, na nilijua ameugeuza kwa sababu yangu.

— Ningekuwa mimi, namba ningeipindua. Watoto wote waingie. Wazuiwe waliopita arobaini. Mtoto akiona mtu amekufa analia, analala, asubuhi anaomba uji. Mtu mzima akitoka humo anaanza kumkodolea macho kila anayekatiza barabara, labda ni yule. Asiyestahili kuingia humo ni Bibi.

— Bibi mbona haingii, alisema Spika taratibu. Anasikilizia hapa hapa.

Kweli nasikilizia hapo. Ukuta ni mwembamba. Mwanangu alikuwa akikaa mstari wa mbele amempakata bintiye, na kila steringi akipigwa mtoto alipiga ukelele, na mimi nje na birika langu nikasikia ile sauti ya baba yake, nzito, yenye mkwaruzo kama mlango usiotiwa mafuta: "Tulia, mwanangu. Steringi hafi." Hata mimi aliniambia hivyo hivyo, siku nilipomkuta anakaza mkanda wake wa kupandia. "Mama, acha kunitazama hivyo. Steringi hafi." Nilimpiga na kanga mgongoni, tukacheka.

Mara akatokea mtoto mwenyewe. Amevaa gauni lake la kutokea, nywele amejichana peke yake, njia ya katikati imepinda.

— Shikamooni.

— Marahaba! alisema Spika kwa shangwe kubwa mno. Karibu, mke mwenza wa Bibi!

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa Chaji.

— Kaka Chaji, wewe katuni za Bawa Moja umesoma zote?

— Zote. Uliza lolote.

— Bawa Moja alipokufa, mama yake aliambiwa na nani?

— Alipolala, akasema Spika.

— Alipokufa, alisema mtoto, bila ukali, kama anayemshika mtu mkono kumvusha barabara.

Chaji akaanza kupandisha na kushusha kidole kwenye kioo. Huyu ndiye anayejua Bawa Moja anavaa kiatu namba ngapi.

— Mama yake... subiri.

— Kwani ana mama? aliuliza Wembe.

— Lazima awe naye. Nani asiye na mama?

— Yuko wapi basi?

— Sijui, alisema Chaji. Wallahi sijui. Hawajamchora.

Tukamtazama Spika, aliyewahi kumtolea sauti mpaka mbwa. Alitikisa kichwa.

Mtoto akanigeukia mimi.

— Na wewe, Bibi? Wewe uliambiwa na nani?

Birika lilinielemea, nikalitua chini.

— Umejua tangu lini, mjukuu wangu?

— Viatu vyake vya kazi vilirudi. Viko chini ya kitanda chako. Hawezi kupanda mnara bila viatu.

Wembe alikuwa anautazama ukuta wa ng'ambo.

— Niliambiwa na mwenzake wa kazini, nikasema. Alikuja asubuhi. Nikamkaribisha, akakataa kukaa. Akasimama pale pale mlangoni, nikajua kabla hajafungua kinywa.

Akafikiri kidogo.

— Mimi hakuja mtu, akasema.

Jamani. Nami lile neno sikuwa nimelitamka hata mara moja, si kwa jirani, si mbele ya Mungu. Nilikuwa nasema ametutoka, ametangulia, amesafiri. Lugha yetu ni tajiri, ina vichaka vingi vya kujifichia. Nikamvuta akakaa baina yangu na Wembe, nikaushika uso wake kwa mikono miwili.

— Sasa nimekuja mimi, mke mwenzangu, nikamwambia. Baba yako amekufa.

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo ulio wake. Ndipo akalia.