Kamati Imemsimamisha Daktari wa Fundi

Mbele ya geti la hospitali, kati ya kibanda cha fotokopi na jiko la kahawa, kuna benchi refu lililowahi kuwa la wagonjwa wa nje. Mguu wake mmoja ulivunjika, hospitali ikalitupa, watu wa kijiwe wakaliokota na kuliwekea matofali mawili. Tangu hapo limebeba maneno mazito kuliko wagonjwa wote waliowahi kulikalia. Wenyewe ni wanne. Ving'ora aliendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na sita, na mpaka leo anaongea kama anayeomba kupishwa njia. Bi Fotokopi ndiye mwenye kibanda, na hakuna cheti mtaani kilichopita mikononi mwake asikisome. Muuza kahawa anaitwa Shemeji na kila mtu, kwa kuwa dada yake ameolewa na Ving'ora. Wa nne ni Fundi, mshona suti wa duka la pembeni. Jumanne hiyo Fundi hakutarajiwa kijiweni hata kidogo. Saa mbili asubuhi alitakiwa awe mezani, anapasuliwa ngiri.

Saa tatu na nusu akatokea getini kwa miguu yake, mfuko wa nguo mkononi, uso umemshuka.

— Fundi! Umeshapasuliwa? — Shemeji akashangaa, birika hewani.

— Nipasuliwe na nani? Wamenivua nguo, wamenivika lile gauni lisilo na mgongo, nimelala nimefumba macho, mara sista ananigusa bega: mzee, vaa nguo zako. Daktari wako hawezi kuingia chumba cha upasuaji kwa sasa, kamati bado inapitia vyeti vyake. Subiri kidogo.

— Kidogo ya hospitali! — Ving'ora akacheka. — Hiyo ni mwezi mzima. Shemeji, mpe mtu kahawa.

Fundi hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana jioni. Alipokea kikombe, akakimaliza kwa mafunda mawili, akanyoosha mkono aongezewe. Moyoni alikuwa na mambo mawili yanayogombana. La kwanza ni nafuu, maana usiku alimuaga mkewe kama anayesafiri asirudi. La pili ni hofu mpya, mbaya kuliko ile ya kisu. Vyeti? Kwa nini vyeti vya mtu anayepasua watu kila wiki vipitiwe leo?

— Mimi nilijua, — akasema Bi Fotokopi, akatoka kibandani kabisa. — Cheti chake nimekitoa kopi mwenyewe, mwezi uliopita. Muhuri ulikuwa umefifia.

— Umefifia kwenye cheti au kwenye mashine yako?

— Mashine yangu haina ubaya, Ving'ora. Muhuri ulikuwa hafifu kama chai ya mahabusu.

— Basi ni cha kughushi, — Ving'ora akakata shauri. — Nimewabeba madaktari wengi kwenye gari langu. Daktari wa kweli akipanda, analala. Huyu akipanda, anauliza habari za watoto wangu. Daktari gani ana muda wa kuuliza watoto?

— Alinishona mkono mwaka jana, — akasema Shemeji kwa unyonge, akakunja shati. — Nilipoangukiwa na kioo. Hebu tazameni.

Fundi akaushika ule mkono, akausogeza kwenye mwanga. Kovu lilikuwa jembamba, limenyooka, na alama za uzi zilikuwa zimeachana sawasawa.

— Hii ni kazi ya mtu aliyetulia, — akasema. — Aliyeshona hapa hakuwa na haraka, wala mkono haukumtetemeka. Mimi natazama mishono tangu sijaota ndevu.

— Kwa hiyo na wewe ni kamati? — Bi Fotokopi akamrukia. — Kushona kwa juu anajua hata fundi viatu. Kule ndani, nani kaona?

Fundi akauachia mkono wa Shemeji. Kule ndani ndiko hasa kulikokuwa kunamnyima raha.

— Sasa nisikilizeni, — Ving'ora akashusha sauti, jambo lililotokea mara chache sana. — Wako wawili. Mapacha. Mmoja ndiye aliyesoma, ndiye mwenye vyeti. Mwingine ndiye mwenye mkono mwepesi. Wanapokezana. Ndiyo maana siku nyingine anakusalimia, siku nyingine anakupita kama nguzo.

— Toba! — Shemeji akamwaga kahawa nje ya kikombe. — Basi aliyenishona mimi ni yupi?

— Mwenye mkono mwepesi. Una bahati.

— Acheni hizo, — Bi Fotokopi akasema. — Tatizo ni ile kamera. Si Fundi alituambia atapasuliwa kwa kamera? Vitundu vitatu, kamera inaingia tumboni, daktari anatazama kwenye televisheni. Sasa wale wakubwa wa kamati hawaitaki. Siku zote wamefanya kazi gizani, tumbo likishonwa limeshonwa, hakuna aliyeona. Kamera ikiingia, kila kitu kinabaki. Wakisahau mkasi, umo kwenye picha!

— Kamati yenyewe iko wapi? — akauliza Shemeji.

— Haipo, — Ving'ora akajibu pale pale. — Miaka ishirini na sita nimeupita ule mlango ulioandikwa Kamati ya Vibali. Sijauona wazi hata siku moja. Nakuambieni, nyuma ya ule mlango kuna ukuta.

Fundi alijikuta anacheka, na tumbo likamkumbusha kwa nini yupo pale. Akashika kinena, akajikunja. Shemeji akamwekea kikombe cha nne na kipande cha mkate, naye akala. Alikuwa akitafuna tonge la mwisho wakati yule sista wa asubuhi, mwenye viatu vyeupe, alipovuka barabara kutoka getini, anatembea upesi, faili kwapani.

— Fundi wa ngiri! Kumbe uko hapa?

— Nipo, sista.

— Nimekutafuta jengo zima. Haya, tunaanza baada ya nusu saa. Hujala wala kunywa chochote, si ndiyo?

Shemeji akaficha birika nyuma ya mgongo. Ving'ora akatazama mawingu. Fundi akameza tonge polepole, kama anayeweza bado kulirudisha.

— Vikombe vingapi? — sista akauliza.

— Vinne. Na mkate.

Sista akafumba macho, akayafumbua, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

— Nilikwambia kidogo, baba. Kidogo yangu ilikuwa muda wa saa moja na nusu.

— Sista, usinionee. Niliambiwa vyeti vyake vina matatizo. Mtu akisikia hivyo, ataacha kunywa kahawa?

— Nani alisema matatizo? Nilisema vinapitiwa. — Akageuza faili mapajani. — Kila daktari pale ndani ana orodha ya kazi alizoruhusiwa. Ile ya kufungua tumbo kwa kisu, daktari wako anayo miaka tisa. Hii yako ya kamera alikwenda kuisomea mwaka huu. Amerudi na cheti, lakini kamati haipokei cheti kutoka mkononi mwa mwenyewe. Inaandikia chuo, chuo kinajibu chenyewe. Jibu limeingia asubuhi hii, wakakaa, wakasaini. Na bado kazi zake tano za kwanza atasimamiwa na daktari bingwa aliyekuja kwa ajili hiyo.

— Sasa nani alimzuia asubuhi? — akauliza Fundi.

— Hakuna. Alijizuia. Sisi tulishakuandaa, tukijua karatasi ingetoka mapema. Amefika, ameuliza, karatasi yangu imesainiwa? Tukamwambia bado. Akasema, basi mtoeni mgonjwa wangu, sigusi mtu.

Fundi alitazama chini. Alikumbuka miaka aliyokuwa akijifunza kazi, jinsi bosi wake alivyomnyima kukata kitambaa cha suti ya harusi mpaka akate magauni ya shule mia moja, na jinsi yeye Fundi alivyomchukia bosi huyo. Sasa hapa kuna mtu mzima, daktari, amejinyima mwenyewe. Ile hofu ikamtoka taratibu, kama gundi inayoachia.

— Kesho, — akasema sista, akisimama. — Saa mbili. Na nikikuona karibu na benchi hili, nakufunga kamba kitandani.

— Na mapacha je? — Shemeji akanong'ona. Ving'ora akamkanyaga mguu.

Jumatano Fundi akalazwa mezani kweli. Aliulizwa jina lake, akajibu. Akaulizwa anapasuliwa nini, akajibu. Akaulizwa upande gani, mara ya kwanza na sista, mara ya pili na mtu wa dawa ya usingizi, mara ya tatu na daktari wake mwenyewe. Nyuma ya daktari alisimama mama mmoja mfupi mwenye miwani, yule bingwa, mikono imefungwa kifuani.

— Tumekuchosha kwa maswali? — akauliza daktari.

— Uliza hata mara kumi, mwanangu, — Fundi akasema. — Ni upande wa kulia.

Akalala.

Siku ya tisa alirudi kijiweni, akitembea kwa madaha kama bwana harusi, akaketi kwa upande mmoja. Kijiwe kilimpokea kwa vifijo. Alisimulia yote, na kila aliposimulia, vile vitundu vitatu vilizidi kuwa vidogo. Kwenye ncha ya benchi alikaa mzee mgeni mwenye bahasha ya kliniki, naye alikuwa amepangiwa kamera, ya nyongo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakohoa kwa adabu.

— Samahani, ndugu yangu. Nimefurahi umepona. Lakini pale mezani, aliyekupasua hasa ni nani? Daktari wako, au yule mama aliyekuwa anamsimamia?

Fundi akafungua mdomo kwa uhakika wote wa mtu aliyekuwepo. Akaufunga. Akamtazama Ving'ora, Ving'ora akamtazama Bi Fotokopi, na Bi Fotokopi akakumbuka ghafla kwamba ameacha mashine inawaka.