Mama Eliza, Mhariri Aliyekataa Kubadilisha Mwisho

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Mama Yunis Shemzigwa, Mhariri Mkuu wa Nyumba ya Uchapaji ya Mwangaza wa Milimani hapa Lushoto, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2024. Ni wachache kati yetu waliokuwepo siku alipoajiriwa. Karibu sote tumefundishwa kazi naye, na hakuna hata mmoja ambaye maandishi yake hayajawahi kurudishwa mezani yakiwa mekundu kwa kalamu yake.

Alizaliwa mwaka 1964 katika kijiji kimoja juu ya Soni, kwa Mzee Elisafi na Bibi Rahabu, wakulima wa viazi na kabichi. Alimaliza sekondari, akasomea upigaji chapa Tanga, na Januari 1988 akaingia kwetu kama mpangaji wa herufi. Enzi hizo herufi zilikuwa za madini ya risasi, zikipangwa moja moja kwa mkono, tena kinyumenyume. Julai baridi ilipobana, wino uligoma kutembea. Ni yeye aliyeanzisha desturi ya kuwasha jiko la mkaa asubuhi katika chumba cha mitambo na kuinjika birika la chai ya tangawizi. Mitambo imebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini birika lipo.

Mwaka wake wa pili kazini nusura uwe wa mwisho. Katika ratiba ya ibada ya Krismasi herufi m ilidondoka bila mtu kuiona, na waumini wakasoma kwamba kwaya ya akina mama "itaiba nyimbo mbili." Yunis alipogundua, ratiba zilikuwa zimeshafika kanisani. Alitoka mbio na kalamu, akajifungia chumba cha wazee wa kanisa na kuanza kuandika m moja baada ya nyingine, mpaka kengele ikagonga na nusu ya karatasi bado. Akaketi kiti cha nyuma kabisa akingoja aibu. Mwenyekiti wa kwaya alisimama mbele, akaikunjua ratiba yake, akasema, "Wapendwa, tumeandikiwa kwamba tutaiba, na sisi ni watu watii." Kanisa zima lilicheka. Mama huyo hadi leo akipita ofisini kwetu hubisha hodi akisema, "Mwizi ameingia."

Yunis aliolewa na Mwalimu Benjamini, na mwaka 1990 wakapata mtoto wao wa kwanza, Eliza. Tangu hapo sote tukamwita Mama Eliza. Mtoto alikuwa mchangamfu, mpenda kuuliza maswali, lakini moyo wake ulizaliwa na kasoro. Alipofikisha miaka saba hali ilibadilika. Wazazi walipanda na kushuka hospitali, na usharika mzima uliingia katika maombi. Watu walifunga. Wengine walikuja nyumbani wakamwambia mama yake kwamba wameona kwa imani mtoto amekwisha kupona. Mwaka mzima ulipita hivyo. Eliza alifariki mwaka 1998.

Aliporudi kazini, tulikuwa hatujui tumwite nani. Wengi wetu tuliona jina la zamani litamchoma, tukaanza kumwita Dada Yunis. Alivumilia siku chache, kisha akasimama mlangoni mwa chumba cha mitambo na kusema, "Mimi ni Mama Eliza. Hilo jina sijalirudisha." Akaenda kuketi mahali pake. Tumemwita hivyo mpaka leo, na wadogo wawili wa Eliza, ambao sasa ni watu wazima, hawajawahi kuona ajabu.

Mhariri wa gazeti letu wakati huo alikuwa Mchungaji Zabron, marehemu sasa. Aliona kwamba Mama Eliza anafanya kazi yake sawasawa lakini haongei na mtu. Akamwita akamwonyesha ukurasa mmoja wa toleo lililokuwa likiandaliwa. "Huu ni wako," alimwambia. "Andika." Akajibu kwamba hana cha kuandika. "Basi uache mweupe. Nitauchapa hivyohivyo." Na kweli toleo lile lilitoka na ukurasa mtupu wenye jina lake juu. Wasomaji walidhani ni kosa la kiwandani. Walimuuliza sokoni, walimuuliza kanisani, mwingine akamfuata mpaka stendi. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba halikuwa kosa, na katika kumjibu akajikuta anaanza kuzungumza habari za Eliza. Toleo lililofuata, ukurasa ulikuwa umejaa.

Hivyo ndivyo mpangaji wa herufi alivyogeuka mwandishi. Mwaka 2001 aliingia idara ya uhariri, na baadaye akawa mkuu wake. Aliandika saa ya chakula cha mchana, kwenye benchi nyuma ya stoo ya karatasi. Jumamosi alipanda kwa mama yake, akamsimulia kwa Kishambaa yale aliyokuwa ameyaandika kwa Kiswahili, huku Bibi Rahabu akipukuchua maharage. Bibi akiacha kupukuchua ili asikilize, ukurasa ulibaki. Bibi akiendelea na maharage yake, ukurasa ulitupwa.

Kwa namna hiyo alikamilisha, mwaka 2005, muswada wa kitabu alichokiita *Mwaka Tuliosubiri*. Ni hadithi ya familia moja ya milimani inayomwombea mtoto mgonjwa. Mtoto hapo kitabuni ana jina jingine, na hafi kwa ugonjwa wa moyo bali wa damu. Lakini anakufa. Baada ya mazishi mama yake anaendelea kwenda ibadani, anakaa kimya wenzake wakiimba, na kitabu kinaishia akiwa bado anamngoja Mungu.

Wakati ule sisi hatukuwa na uwezo wa kuchapa vitabu vya hadithi, hivyo aliupeleka muswada Dar es Salaam, kwa kampuni moja ambayo sitaitaja. Walikipenda. Waliahidi kukisambaza nchi nzima. Kulikuwa na jambo moja tu. "Mama, wasomaji wetu wanataka matumaini," afisa wao alimwambia. "Mtoto apone. Badilisha sura mbili za mwisho, tunakwenda mtamboni." Mama Eliza aliomba apewe muda akatoka nje. Amekiri kwetu kwamba alijaribiwa. Aliona kitabu kikiwa dirishani madukani, na kwa kitambo kidogo aliona pia mtoto akiinuka kitandani, na hilo ndilo lililomliza. Aliporudi ndani alisema, "Nikimponya, wale walioomba kama mimi na wakazika wataona wao ndio hawakuomba vizuri. Siwezi kuwafanyia hivyo. Wala siwezi kumsingizia Mungu." Akauchukua muswada wake.

Mwalimu Benjamini alikuja kumpokea Soni. Alipomwona anashuka na furushi lile lile, akauliza, "Wamekataa?"

"Nimekataa mimi," akajibu.

Mwalimu alilipokea furushi, wakapanda mlima wakiongea habari za shamba.

Kilichofuata ni miaka tisa ya kungoja. Hata kamati yetu wenyewe ya kuchagua vitabu, tulipopata uwezo, iliukataa muswada huo mara mbili kwa hofu kwamba utavunja imani za watu. Nilikuwa katibu wa kamati na nilikuwa upande wake, lakini tulizidiwa kura. Mara zote mbili nilipompelekea habari nilimkuta akihariri kitabu cha mtu mwingine. Mara ya pili nilimwambia apeleke kwingine. "Silvano," alinijibu, "kama Mungu ndiye aliyenipa, yeye anajua kilipo. Mimi nina prufu za watu hapa za kusahihisha." Wengine walimwona amekata tamaa. Sisi tulioketi karibu naye tuliona akipitia vitabu vya wenzake kwa uangalifu uleule, kana kwamba kila kimoja ni chake. Mchungaji mmoja aliyeleta mahubiri marefu alirudishiwa na ujumbe pembeni: "Mchungaji, hapa umeshasema Amina, na bado kuna kurasa sita."

Mlango ulifunguliwa na mtu ambaye hatukumtarajia. Dorkasi, muuguzi wa wodi ya watoto, alikuwa amesikia habari za muswada kwa Bibi Rahabu. Akaja kuomba sura moja tu. "Mama zangu wodini wanaambiwa kila siku waamini," alisema. "Hakuna anayewaambia wafanye nini wakiamka na mtoto hayupo." Mama Eliza alimpa sura ya mwisho, ile ile waliyotaka ibadilishwe. Ikasomwa wodini, ikatolewa nakala, ikashuka hadi Mombo na kupanda hadi Gare kwa Wakatoliki. Asubuhi moja mwaka 2014 tulifungua ofisi tukakuta uwanja umejaa akina mama wa sharika mbalimbali, na wanawake wa Kiislamu wa Soni wakiwa pamoja nao, wakisema wamekuja kununua kitabu. Hakukuwa na kitabu. Walikaa kwenye nyasi, wakasema watangoja. Kamati iliitwa siku hiyohiyo.

Siku ya kukichapa, mtambo ulisimama ghafla. Mama Eliza alikimbilia chini akidhani umeharibika. Alimkuta Selemani, fundi mitambo wetu wa miaka mingi, ameketi juu ya marobota ya karatasi na kurasa mkononi.

"Mtambo ni mzima, Mama Eliza," akasema. "Ni mimi. Nimefika pale wanapomwosha mtoto."

Hapo ndipo tulipojua kwamba Selemani na mkewe Mwanaisha walizika watoto wawili kabla hajaajiriwa kwetu. Katika miaka yote ya chai ya tangawizi hakuwahi kulitaja. Mama Eliza aliketi kando yake. Hatujui walizungumza nini, maana tulitoka sote tukawaachia chumba. Baadaye tulisikia mtambo ukinguruma tena.

*Mwaka Tuliosubiri* kimechapwa mara nne. Husomwa katika nyumba za msiba, na katika sharika kadhaa wanaosomewa ni wale wachungaji wanaoandaliwa kwenda kufariji watu. Aidha, katika uongozi wake idara imetoa vitabu vya watoto kwa mara ya kwanza, na darasa lake la uandishi la kila Jumamosi limetupatia waandishi wawili wa gazeti na mtangazaji mmoja wa redio, Husna wa Soni. Wanafunzi wake wanalijua swali lake la kwanza juu ya mhusika yeyote: "Siku hiyo alikula nini?" Usipojua, unarudi kuandika upya.

Wiki iliyopita nilimuuliza kama kuna kitabu cha pili. Aliniambia anahisi kipo, ila bado hajapewa sentensi ya kwanza. Nikamuuliza atafanya nini mpaka aipate. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo jibu lake liko wazi.

"Nitapalilia viazi," akasema.

Mama Eliza, kwa niaba ya Nyumba ya Uchapaji, ya wale uliowahariri, na ya wale waliolia juu ya kurasa zako wakajua hawako peke yao, tunakushukuru. Mungu akulinde wewe na Mwalimu Benjamini, awape afya, mvua kwa wakati wake na jua la kutosha shambani. Nenda salama, ukakae kwa amani. Na hiyo sentensi ikifika, tunaomba sisi ndio tuipange herufi.

*Silvano Mdoe, kwa niaba ya wafanyakazi wote*